Uzi: Kipande kimoja cha ngozi, tishu zote nne (wanafunzi wa uuguzi, mafundi wa hina na wavuvi karibuni)

Bi Kliniki (Malindi)

Assalaam alaykum, na habari za jioni wanajukwaa.

Wanafunzi wapya wa uuguzi wameingia chuoni na kama kawaida wameanza kunijia faraghani: "Bi, hizi tishu nne tuzishike vipi?" (Tishu ni kundi la seli za jamii moja zinazofanya kazi pamoja.) Badala ya kumjibu mmoja mmoja naandika hapa. Wasio wanafunzi wasome pia, maana ngozi na neva kila mtu anazo.

Masomo mengi huitoa tishu ya kwanza utumboni, ya pili mfupani, ya tatu moyoni na ya nne ubongoni. Mwanafunzi anakariri picha nne zisizojuana, na mtihani ukileta picha ya tano anaduwaa. Naona ni njia mbovu. Chukua kwa fikra kipande cha ngozi cha upana wa ukucha, nyuma ya mkono wako, uteremke mpaka ufike kwenye mafuta. Zote nne zimo.

Juu kuna epithelia. Alama yake ni seli zilizobanana, baina yake hakuna nafasi ya maana, na haina mishipa ya damu yake yenyewe. Inalishwa na tishu ya chini yake. Ndiyo sababu ukijikwaruza juu juu unaona alama nyeupe bila damu. Hapa kwenye ngozi inaitwa epidemisi. Tezi za jasho na za mafuta nazo ni epithelia, ila zimezama chini.

Ukivuka epidemisi unaingia demisi, na hiyo ni tishu unganishi. Hapa mambo yanageuka: seli ni chache, na kilicho baina ya seli ndicho kingi. Nyuzi za kolajeni zinazoipa ngozi nguvu, nyuzi za elastini zinazoirudisha ikivutwa, mishipa ya damu, na maji maji mazito yanayozishika zote. Mafuta ya chini ya demisi ni tishu unganishi, mfupa ni tishu unganishi, gegedu pia. Na damu. Kila mwaka darasa hunibishia kwenye damu. Angalieni seli zake zinaelea katika nini, mtaacha kubisha.

Ya tatu ni misuli. Karibu kila unywele wa mwilini una kamsuli kadogo kamefungwa kwenye shina lake. Ukitoka kuoga alfajiri msimu wa kusi, kamsuli kanajikunja na unywele unasimama. Ni msuli laini, wa jamii moja na ile ya utumbo na kuta za mishipa, hautii amri yako. Jaribu kuamuru malaika ya mkononi, zile nywele laini, yasimame uone. Aina nyingine mbili za misuli, ile ya mifupa na ile ya moyo, ndizo hazimo katika kipande chetu.

Ya nne ni tishu ya neva. Imetandaa demisi nzima na ncha zake nyingine zinapenya hadi ndani ya epidemisi. Hiyo nitairudia, maana ndiyo ninayoipenda.

Ulizeni.

NesiMtarajiwa

Shukran Bi. Swali langu: kwa nini kwenye mtaala wameweka ngozi na mfumo wa neva karibu karibu? Mimi naona moja ni la nje kabisa na jingine limefichwa ndani ya fuvu na uti wa mgongo.

Bi Kliniki

Asili yao ni moja, mwanangu. Katika juma la tatu tangu mimba kutungwa kijusi kina tabaka tatu za seli. Ile ya nje, ektodemu, sehemu yake inakuja kuwa epidemisi, nywele na kucha. Sehemu yake ya katikati ya mgongo inajikunja, kingo zinakutana, na linapatikana bomba. Bomba hilo ndilo ubongo na uti wa mgongo. Kwa hiyo ubongo wako ulianza ukiwa juu ya mwili, kisha ukazama.

Bomba hilo hufungika takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa, na siku hizo wanawake wengi hawajajua kama ni waja wazito. Likishindwa kufungika upande wa chini mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Ndiyo maana kliniki tunasisitiza asidi ya foliki mikrogramu 400 kwa siku kabla hata ya kushika mimba, na ndiyo maana tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa ukiwa umefungashwa uongezwe virutubisho, foliki ikiwemo. Unga wa kusaga kwenye mashine ya mtaani hauna nyongeza hiyo. Mwenye binti anayeolewa mwezi ujao amwambie.

Tena kuna seli zilizochepuka kwenye kingo za lile bomba zikasafiri kurudi ngozini. Hizo ndizo melanosaiti, zinazotengeneza melanini, rangi yetu. Seli za rangi ni jamaa za neva. Zimekaa chini kabisa ya epidemisi na zina mikono mirefu inayogawa chembe za rangi kwa seli jirani. Idadi yake haitofautiani sana baina ya mtu mweusi na mtu mweupe. Tofauti ni wingi, ukubwa na aina ya chembe zinazotolewa. Mtu mwenye ualbino melanosaiti anazo, ila kazi ya kutengeneza melanini imekwama.

Fundi Hina wa Shela

Bi, mimi si mwanafunzi. Nachora maharusi hapa Shela ya Lamu. Hina ile ile, bi harusi yule yule, saa zile zile: kiganjani na nyayoni inakolea mpaka inakaribia nyeusi, nyuma ya mkono inatoka ya chungwa, na karibu na kiwiko ni kama hakupakwa. Wateja wanasema nimewabania hina. Hili ni la ngozi ama ni la mkono wangu?

Bi Kliniki

La ngozi, dada. Na swali lako linanifungulia epidemisi yote, kwa hiyo wanafunzi toeni daftari.

Chini kabisa kuna stratamu basale. Hapo seli zinagawanyika usiku na mchana. Seli mpya inasukumwa juu: inaingia spinosamu, ambako seli zimeshikana kwa nguvu, halafu granulosamu, ambako inajazwa chembe chembe, inapoteza kiini na kufa. Ikifika juu, korneamu, ni kigamba bapa kilichojaa keratini, protini ngumu ile ile ya kucha na nywele. Kutoka kuzaliwa chini hadi kupukutika juu ni kama mwezi mmoja, kwa wazee zaidi. Kiganjani na nyayoni kuna tabaka moja la ziada kabla ya korneamu, lusidamu, na korneamu yenyewe ni nene mno. Epidemisi ya kope ni kama sehemu 5 za mia za milimita. Ya nyayo hufika milimita 1.5.

Sasa hina. Majani ya mhina yana kemikali iitwayo losoni, na losoni hushikana na keratini. Penye keratini nyingi inashika nyingi. Kiganja kina vigamba tabaka juu ya tabaka, kiwiko kwa ndani hakina kitu. Ndimu unayochanganyia ni asidi, inasaidia losoni itoke kwenye majani na isiharibike upesi kwa hewa. Halafu rangi inaendelea kukolea siku moja hadi mbili baada ya kubanduliwa, kwa hiyo harusi ikiwa Ijumaa wewe mchore Jumatano, na mkataze maji usiku ule.

Nayo haifutiki kwa kuoshwa, inaondoka na vigamba. Mwenye kusugua miguu kwa jiwe kila siku hina yake haimalizi juma. Chale zenye wino ni habari nyingine: wino umewekwa kwenye demisi, na demisi haipukutiki.

Wataalamu wa ngozi wenyewe huilinganisha korneamu na ukuta. Kwetu Amu, yaani Lamu, tuseme ukuta wa mawe ya matumbawe: vigamba ndiyo mawe, na mafuta yaliyo baina yake ndiyo chokaa. Ukuta huo ndio unaozuia maji ya mwilini yasitoke na vya nje visiingie.

Mzee wa Chumvi

Hapo umenigusa Bi. Sisi wa mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni miguu yetu inapasuka mpaka damu. Kijana wangu anasema ni chumvi "inaingia mwilini".

Bi Kliniki

Mzee wangu, chumvi haiingii mwilini kwa kiasi hicho. Maji makali ya chumvi yanavuta maji kutoka kwenye vile vigamba, na kulowa na kukauka kila siku, pamoja na sabuni kali ya jioni, kunaondoa yale mafuta. Chokaa ikitoka mawe yanaachana. Ufa ukibaki juu ni kero tu. Ukifika demisi ndipo damu inatoka na neva zinalalamika. Osha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi mara utokapo, kausha, kisha paka vaselini ngozi ikiwa bado na unyevu. Mabuti usiyaache. Na ukiona wekundu unapanda juu au mguu unavimba na kuwa wa moto, hiyo si ya vaselini tena, nenda zahanati.

Mtoto wa Langoni

Bi mimi nauliza langu moya tu. Piko je, ile rangi nyeusi ya kuchorea? Kila harusi Amu kuna piko, tangu sijazaliwa, na sijaona aliyezikwa kwa piko. Leo kila mtu amekuwa daktari.

Fundi Hina wa Shela

Wewe hujaona kwa kuwa huchori watu. Mimi nimeona mkono umetoka malengelenge kufuata maua yote niliyochora, ua kwa ua. Tangu hapo piko kwangu hakuna.

Bi Kliniki

Mtoto wa Langoni, kuzikwa hakuzikwi mtu kwa kawaida, lakini msikilize fundi.

Piko tunayoipaka ni dawa ya kutia nywele nyeusi, na ndani yake kuna parafenilenediamini. Ni molekuli ndogo, inapenya ule ukuta. Katika epidemisi kuna seli za ulinzi ziitwazo seli za Langerhans. Zinaichukua, zinaipeleka kwenye tezi za limfu, na huko mwili unaisajili kuwa ni adui. Usajili huo hauumi wala hauwashi, ndiyo maana mara ya kwanza watu wengi hawaoni kitu. Ukirudia, baada ya siku moja hadi tatu askari wanakuja pale pale ulipochora: wekundu, muwasho, malengelenge, na pengine kovu au weupe usiopendeza. Na usajili haufutiki. Mtu huyo akiwa mzee akitaka kupaka mvi, uso mzima unavimba. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi ya nywele, isizidi asilimia 2, na kuipaka ngozini hairuhusiwi.

Hina yenyewe mimi siipingi, mikono yangu ina hina sasa hivi ninapoandika. Nasema tu isipakwe vitoto vichanga. Kuna watoto wana upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na upungufu huo upo sana katika maeneo yenye malaria kama pwani yetu. Losoni ikipenya ngozi yao laini inaweza kupasua seli nyekundu za damu, na mtoto akawa wa manjano.

Nyongeza kwa wanafunzi: Paul Langerhans alizigundua seli hizo mwaka 1868 huko Berlin, akiwa bado mwanafunzi. Alipoona zina mikono mikono akadhani ni seli za neva. Mwaka uliofuata akaeleza vile visiwa vya kongosho vinavyotengeneza insulini. Mwanafunzi, jamani, na nyinyi mnanilalamikia kurasa kumi.

Mtoto wa Langoni

Haya Bi, nimekoma. Mke wangu amesoma hapa, piko imetupwa jaani.

Nahodha Kipungani

Salaam. Mimi nataka ile ya neva uliyoahidi. Juzi kijana wangu wa mashua alikanyaga taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, maji ya magotini, mwiba ukamwingia kisigino. Mguu aliuinua kabla hajapiga ukelele. Nilimwona kwa mato yangu: mguu juu, halafu uso ndio ukakunjamana, halafu kelele. Na maumivu makali hasa yakaja nyuma. Hilo limekaaje?

Bi Kliniki

Nahodha, uchunguzi wako ni bora kuliko majibu ya mtihani ninayosahihisha.

Neuroni, yaani seli ya neva, ina mwili wake, ina matawi mafupi ya kupokea yanayoitwa dendriti, na ina mkono mmoja mrefu wa kupeleka, aksoni. Ule unaotoka kisiginoni kwa mtu mzima unaweza kuzidi mita moja, na ni seli moja. Habari inasafiri kama badiliko la umeme, chembe za sodiamu zikiingia na potasiamu zikitoka. Aksoni ikiwa imevikwa mafuta ya mielini, badiliko hilo linaruka kutoka pengo hadi pengo na linakwenda kasi. Isiyovikwa inajikokota. Mwishoni mwa aksoni kuna mwanya mdogo, sinapsi, na hapo kemikali ndiyo inayovuka.

Mwiba ulipoingia, nyuzi nyembamba zenye mielini kidogo zilipeleka habari kwa kasi ya mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Zilipofika uti wa mgongo hazikungoja ruhusa ya ubongo. Neuroni ya katikati ilipokea na kuikabidhi neuroni ya misuli pale pale, misuli ya paja ikajikunja, mguu ukainuka. Na mguu wa pili, kama ulitazama vizuri, ulikazana papo hapo ili asianguke majini. Nakala ya habari ile ile ndiyo iliyokuwa njiani kwenda ubongoni. Ilipofika uso ukakunjamana. Yale maumivu ya nyuma, ya kuunguza na kutuna, yanabebwa na nyuzi zisizo na mielini kabisa, mita kati ya nusu na 2 kwa sekunde. Kutoka kisigino hadi kichwani hapo una sekunde nzima ya kusubiri. Kisha sumu ya taa inaongeza yake.

Siku nyingine: mtumbukize mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, nyuzi 45 zisizidi, kwa saa moja au zaidi kidogo. Sumu ile ni protini, joto linaivunja nguvu. Joto alipime mtu mwingine kwa mkono, maana mguu wenye maumivu haupimi vizuri, mtamchemsha. Halafu zahanati, kwa sababu vipande vya mwiba hubaki ndani, na chanjo ya pepopunda lazima.

Mama Pilipili Maweni

Bi nami nisisahaulike. Nauza achari. Nikitwanga pilipili mbuzi bila glovu mikono inawaka moto usiku kucha, lakini ukiishika ni baridi. Nikiosha kwa mai, kwisha kabisa, inazidi.

Bi Kliniki

Moto haupo, ila neva imeambiwa upo. Kwenye ncha za neva kuna mlango wa protini unaofunguka ngozi ikifika kama nyuzi 43 hivi, joto la kuanza kudhuru. Kemikali ya pilipili, kapsaisini, inaufungua mlango ule ule. Ubongo hauna namna ya kutofautisha. David Julius wa Marekani ndiye aliyeupata mlango huo kwa kutumia kapsaisini, akapewa Nobeli mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian aliyepata milango ya mguso. Kwa hiyo achari yako ina Nobeli ndani yake.

Maji hayasaidii kwa kuwa kapsaisini haiyeyuki kwenye maji. Paka mafuta ya kupikia, sugua, futa, ndipo sabuni. Na usijiguse macho.

Milango ya mguso imekaa kwenye vifaa vidogo vyenye majina ya watu: vya Meissner karibu na juu, vinavyohisi mguso mwepesi, vimejaa kwenye ncha za vidole, vya Pacini chini kabisa, vinavyohisi mtetemo, Merkel, Ruffini. Wanafunzi watavikuta, sitavikalia.

Dereva wa Tuktuk

Bi Kliniki, mamangu ana sukari miaka mingi. Wiki iliyopita alikanyaga kaa la jiko akaendelea kusonga ugali. Sisi ndio tulionusa harufu. Akasema "sikuhisi chochote". Wajirani wanasema amerogwa.

Bi Kliniki

Pole sana mwanangu. Hakurogwa.

Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu neva pamoja na vile vimishipa vidogo vya damu vinavyozilisha. Huanza na aksoni ndefu kuliko zote, kwa hiyo miguu hutangulia: vidole, nyayo, kisha inapanda kwa usawa miguu yote miwili. Mwanzo mgonjwa anasema kuna kuchomwa chomwa au kutembelewa na siafu, baadaye ganzi tu. Na neva za jasho zikifa ngozi inakauka na kupasuka, ndipo kidonda kinapata mlango.

Hilo la kaa ni la kwenda kliniki kesho, hata kama linaonekana dogo, maana yeye hawezi kukwambia likizidi. Baada ya hapo kila usiku mtu mwenye macho mazuri amkague nyayo na baina ya vidole. Asitembee peku hata ndani. Maji ya kuoga asiyapime kwa mguu.

Na kwa wote: ukiona baka ngozini limefifia rangi na halihisi mguso, usilipake dawa ya fangasi miezi sita. Ukoma bado upo, na vijidudu vyake hupenda seli zinazofunika neva za ngozini. Hansen wa Norwei aliviona mwaka 1873. Unatibika kwa vidonge vya bure vya miezi 6 au 12, lakini neva iliyokwisha kufa vidonge haviirudishi.

Mama wa Mapacha

Niulize la haraka. Nimeandikiwa upasuaji wa uzazi na wanataka kunidunga sindano ya mgongo. Shangazi anasema ikikosea napooza maisha.

Bi Kliniki

Mwambie shangazi kwa heshima kwamba uti wa mgongo wa mtu mzima huishia juu, kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano inaingia chini ya hapo, kwenye maji ambamo zinaelea nyuzi za neva tu, nazo husogea. Madhara ya kudumu ni nadra mno. Kuumwa na kichwa siku chache ndiyo hutokea. Daktari atakugusa tumbo kwa kitu cha baridi kujua ganzi imefika wapi, kwa sababu kila jozi ya neva za mgongo ina ukanda wake wa ngozi: usawa wa kitovu ni ya kumi ya kifua, usawa wa chuchu ni ya nne. Jozi zote ni 31, na zinazotoka kwenye ubongo moja kwa moja ni 12. Hongera ya mapacha.

NesiMtarajiwa

Bi, kumbe huo ukanda ndio mkanda wa jeshi unapofuata? Nimesikia mkanda ukikutana pande zote mbili mtu anakufa.

Bi Kliniki

Ndio huo. Mtu akiugua tetekuwanga utotoni virusi havitoki, vinajificha kwenye mafundo ya neva kando ya uti wa mgongo. Miaka inapita, kinga inashuka, vinaamka na kuteremka na neva moja hadi ngozini. Maumivu hutangulia siku kadhaa, kisha malengelenge kwenye ukanda ule tu, upande mmoja. Yanakomea katikati ya mwili kwa sababu neva ya kulia inahudumia kulia. Habari ya kukutana na kufa si kweli. Kijana akiupata, daktari atamshauri apime VVU, na asione haya.

Nahodha Kipungani

Bi, umenitia wasiwasi. Baba yangu tangu jana asubuhi ana malengelenge kwenye paji la uso upande wa kushoto, na leo yametokea hata nchani mwa pua. Tumempaka majivu. Anasema jicho lina mchanga.

Bi Kliniki

Nahodha, ondokeni leo. Msingoje Jumatatu. Neva ya tano ya kichwa ina tawi linalohudumia paji, jicho na pua, na kamba ile ile inayofika nchani mwa pua ndiyo inayoingia jichoni. Pua ikitoka malengelenge, jicho limo hatarini. Kuna vidonge, asiklovia, vinavyofaa zaidi vikianza ndani ya saa 72 tangu malengelenge ya kwanza. Mmeshatumia zaidi ya 24. Majivu yaosheni taratibu kwa maji safi, jichoni msitie kitu chochote, wala maziwa ya mama.

Mtoto wa Langoni

Nahodha, ukifika gati ya Amu nipigie, niko hapo na punda kama mzee hawezi kutembea hadi hospitali.

Nahodha Kipungani

Tunateremsha mashua sasa. Moja tu Bi: nyumbani kuna mke wa ndugu yangu ana mimba ya miezi minne na kuna kitoto cha mwaka mmoja. Wao watakuwa na mkanda pia?

Bi Kliniki

Mkanda hauambukizwi kama mkanda. Maji ya malengelenge yakimfikia mtu ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, atapata tetekuwanga. Mulizeni huyo mama mjamzito kama aliugua utotoni. Kama aliugua, hana shaka. Kama hakuugua au hajui, asimhudumie mzee wala asishike taulo na foronya zake mpaka malengelenge yote yafanye magamba, na kwa kuwa amekaa naye tangu jana aende kliniki ya wajawazito aeleze. Kitoto nacho kikae mbali. Anayemhudumia mzee awe mtu aliyewahi kuugua, na anawe mikono kwa sabuni kila akimaliza. Haya, nendeni, maji yasije yakatoka mkapwelewa.